Usiizike Laptopu kwa Kosa la Kadi

"Hii imekwisha, dadangu. Iuze vipuri, utafute nyingine."

Aliyeambiwa maneno hayo ni mwanafunzi anayesoma Kilifi na kulala Malindi kwa shangazi yake. Aliyeyasema hakufungua hata skurubu moja. Aliiwasha laptopu, akaona alama ya Wi-Fi imebaki na mstari mmoja, akaiunganisha, ikakatika, akaifunga. Kisha akamwelekeza kwenye kabati la kioo, kwenye nyingine ya mtumba yenye kibandiko cha shilingi 28,000. Binti aliponifikia, tayari alikuwa amempigia mamake simu kuuliza kama mbuzi wawili wangeweza kuuzwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Shikamoo, fundi. Nimeambiwa haina maisha."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuione kwanza."

Nilifungua kifuniko cha chini. Prosesa nzima, RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD, betri inayokaa saa tatu. Na pembeni, kadi ya Wi-Fi yenye tundu moja tu la antena, isiyojua masafa mengine ila gigahezi 2.4. Waya wa pili wa antena ulikuwapo, umevishwa plastiki nchani, umelazwa kando bila kuunganishwa na chochote. Kadi ya kuibadilisha ile iligharimu shilingi 2,300. Mbuzi wakabaki zizini.

Ninaandika kwa sababu kauli ile si ya duka moja. Kuanzia Malindi, Watamu, Kilifi hadi Mtwapa, watu wameamini kwamba laptopu ikishindwa kushika Wi-Fi imezeeka, na kwamba dawa ya uzee ni kununua. Anaiamini mwalimu, anaiamini karani wa kaunti, anaiamini mzazi anayejinyima ili mtoto asome. Imani hiyo si kweli. Inawatoa watu pesa wasizokuwa nazo, na imestawi kwa sababu anayeieneza huwa ndiye mwenye kabati la kioo, na anayeipokea hajawahi kuonyeshwa kipande kinachozungumziwa.

Kadi ya Wi-Fi ni redio. Inatuma na kupokea, ina chipu yake na antena zake, na uhai wake haufungamani na uhai wa prosesa. Watengenezaji waliitenga makusudi: kila nchi ina sheria zake za masafa, na ni rahisi kuidhinisha redio moja ndogo kisha kuitia katika mashine za aina nyingi kuliko kuidhinisha kila mashine upya. Kwa hiyo katika laptopu nyingi zinazouzwa Pwani, zile zilizotumika maofisini Ulaya miaka mitatu minne kisha zikaletwa kwetu, redio imekaa kwenye sloti yake, imeshikwa na skurubu moja au mbili. Nyaya mbili nyembamba hutoka hapo, zikapita kwenye bawaba, zikapanda hadi kwenye fremu ya kioo, na huko juu ndiko ziliko antena zenyewe. Gharama ya mashine imo kwingine: bodi, prosesa, kioo, kibodi, betri. Kuitupa yote kwa ajili ya redio ni kuuza jahazi kwa kuwa tanga limetoboka.

Hoja ya uzee ingesimama kama redio na mashine vingezaliwa na kufa pamoja. Lakini laptopu ya mwaka 2014 yenye sloti ya M.2 hupokea bila taabu redio iliyotoka mwaka 2019. Kati ya miaka hiyo teknolojia ya redio ilipiga hatua kubwa kuliko prosesa za kuandikia barua na kufungulia tovuti. Kadi ya kiwango cha n, kilichopitishwa mwaka 2009, ikiwa na antena moja kwenye chaneli ya kawaida ya gigahezi 2.4, haizidi megabiti 72 kwa sekunde hata ikiwa imewekwa juu ya ruta. Kiwango cha ac cha mwaka 2013, kwa antena mbili kwenye gigahezi 5, na chaneli pana zaidi, hufika 867. Kiwango cha ax, ambacho tangu mwaka 2018 kimezoeleka kwa jina la Wi-Fi 6, hufika 1,201 kwa antena mbili hizo hizo na upana ule ule wa chaneli. Hizo ni kasi za hewani tu. Kinachomfikia mtumiaji ni kama nusu yake, mara nyingine chini ya hapo. Hata hivyo tofauti ya 72 na 867 haifutwi na punguzo lolote, na inanunuliwa kwa bei ya viatu vya shule.

Wapo watakaosema: huyu anahangaika na kadi, kumbe intaneti ya huku ndiyo mbovu. Hoja hii inasikika kila barabara ya mji, na inaweza kupimwa kwa dakika mbili. Weka simu yako kando ya laptopu, juu ya meza ile ile, kwenye Wi-Fi ile ile, kisha pima kasi kwa simu, halafu kwa laptopu. Simu ikipata 27 katika kifurushi cha megabiti 30, na laptopu ikapata 3, kampuni ya intaneti haina hatia. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka huo huo ukaja TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah kule Ghuba, mwaka uliofuata EASSy, na baadaye nyingine. Faiba imeingia katika mitaa ya Malindi na Kilifi, na tangu Julai 2023 wale wasiofikiwa na faiba wana njia ya Starlink. Data inavuka bahari nzima kutoka Uarabuni kwa mwanga, haipotezi kitu, halafu inafia katika hatua kumi za mwisho, kati ya ruta ya sebuleni na meza ya chumbani. Hatua kumi hizo ni kazi ya kadi.

Na hatua kumi za Malindi si hatua kumi za kwingine. Ingia nyumba za mtaa wa Shela, au zile za zamani za Kilifi: ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima. Nyumba mpya nazo hujengwa kwa matofali ya matumbawe yaliyokatwa machimboni. Jiwe hilo lina vitundu, linakunywa unyevu wa bahari, na maji ni adui wa mawimbi ya redio. Juu kuna mabati, yanayoyarudisha mawimbi yalikotoka. Ruta hutoa nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Yakishavuka kuta mbili za namna hii, mawimbi yanaifikia laptopu yakiwa kwenye kile mafundi wanachokiandika kama hasi 70, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni sehemu moja ya bilioni kumi ya wati. Kutoka hapo, kila namba hiyo ikishuka kwa tatu nguvu inakatika nusu. Redio hafifu huishia hapo, na redio nzuri huendelea kusikia.

Hapa ndipo waya wa pili wa yule binti unapokuwa na maana. Mawimbi ndani ya chumba hayaji kwa njia moja. Mengine yanatoka mlangoni, mengine yamegonga friji, mengine yamedunda kwenye mabati. Yanapokutana huongezeana nguvu mahali fulani na kuuana mahali pengine, na umbali kati ya mahali hapo pawili kwenye gigahezi 2.4 ni sentimita chache tu. Ndiyo sababu ukiisogeza laptopu kidogo mezani mistari inapanda au kushuka. Kadi ya antena moja ikiangukia pale mawimbi yalipouana, imezibwa sikio. Yenye antena mbili ina sikio la pili upande wa pili wa kioo, na ni nadra masikio yote mawili kuziba kwa pamoja. Kwa nyumba za matumbawe, antena mbili si anasa. Ningeambiwa nichague sharti moja tu la kumwachia msomaji, ningemwachia hilo na kusahau mengine yote.

Pwani hii haina udhuru wa kutoijua thamani ya antena. Kilomita zipatazo thelathini kaskazini mwa Malindi, pale Ngomeni, Waitaliano wamekuwa na kituo cha anga tangu miaka ya 1960. Kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini hapo ndipo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kilirushwa chombo cha kwanza duniani cha kuchunguza eksirei za angani, nacho kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Chombo kingine, Swift, ambacho NASA ilikirusha mwaka 2004, kwa miaka mingi kimeteremsha data zake kwa antena za Malindi kikipita juu yetu. Hakuna mhandisi wa Ngomeni ambaye data ikipungua angeanza kwa kushauri chombo kitupwe. Angeanza na sikio lililoko ardhini. Nataka akili hiyo hiyo itumike madukani mwetu.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa "vumilia tu mpaka upate pesa ya kununua nyingine" hawaliwazi: kadi mbovu haimuumizi mwenyewe peke yake. Hewa ya Wi-Fi ni moja, na wanaoitumia wanapokezana. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kifaa kimoja kinachozungumza kwa kasi ndogo kinawashusha wengine wote hadi karibu na kasi yake, kwa kuwa kila kinapopata zamu hukaa hewani muda mrefu kusema neno lile lile. Piga hesabu mwenyewe. Pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi ya megabiti 6.5 inachukua karibu milisekunde mbili, na kwa kasi ya 300 ni sehemu ya ishirini na tano ya milisekunde moja. Baadhi ya ruta mpya hugawa muda kwa haki, lakini za bei ndogo mara nyingi hazina uwezo huo. Kwa hiyo katika nyumba ya watu watano, laptopu moja yenye redio dhaifu inaifanya televisheni isimame na simu za wengine zizunguke, na lawama inaangukia kampuni ya intaneti. Nimeona watu wakipanda kifurushi kutoka megabiti 15 hadi 30 kisha wakakaa vile vile, wakilipa mara mbili kwa kosa la kipande cha elfu mbili.

Wauzaji wanaokubali kwamba laptopu haijafa wana jibu lao jepesi: chukua kile kidude cha USB, kidogo kama ukucha, chomeka, maliza. Nakubali kwamba kinafaa kwa dharura, na kwa mashine ambayo redio yake imelehemiwa kwenye bodi. Lakini vile vidogo kabisa vinavyouzwa kwa mia tano au mia saba mara nyingi ni vya kiwango cha n, gigahezi 2.4 peke yake, antena moja. Maana yake ni kwamba umenunua ugonjwa ule ule uliokuwa nao ndani, sasa unaning'inia nje. Antena ya laptopu ina nafasi ya kutanuka katika fremu ya kioo, juu, mbali na kelele za bodi. Ya kidude imebanwa katika milimita chache, ubavuni mwa mashine, karibu na mkono wako na pengine karibu na diski ya USB 3 ambayo yenyewe hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Ukilazimika kutumia USB, tafuta chenye masafa yote mawili na antena inayosimama, ukichomeke kwa kebo fupi ili kikae mbali na mashine.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: mashine nyingine hukataa kadi ngeni. Ni kweli, na nitakuwa mwongo nikiipita. Lenovo na HP kwa miaka mingi ziliweka ndani ya BIOS, programu inayoiamsha mashine, orodha ya kadi zilizoruhusiwa. Ukitia nyingine kwenye ThinkPad ya kizazi cha T420 au T430, mashine inasimama na kosa namba 1802, haiendelei. EliteBook za kizazi cha 8460p hutoa kosa namba 104. Fundi aliyekutana na hayo mara moja akapoteza siku nzima huenda akaapa kutogusa kadi tena, nami namwelewa.

Ila soma tena neno lenyewe: orodha ya zilizoruhusiwa. Orodha ina kadi ndani yake, na baadhi ni nzuri. T430 au X230 iliyokuja na kadi ya gigahezi 2.4 pekee hukubali Intel 6205 yenye namba ya kipuri ya Lenovo, nayo ina masafa yote mawili na antena mbili. Si ya kisasa, lakini kwa kifurushi cha megabiti 30 inatosha na kubaki. Kitabu cha matengenezo cha kila modeli kinataja namba za kadi zinazokubalika, na hakiuzwi. Lenovo iliachana na kizuizi hicho katika mashine zake za baadaye. Hivyo kizuizi ni sababu ya kusoma kabla ya kununua kadi. Kukifanya sababu ya kununua laptopu ni kuwatoza watu bei ya uvivu wetu sisi mafundi.

Zinazobaki ni laptopu nyembamba ambazo redio yake imelehemiwa kwenye bodi kuu. Hizo haziponi kwa bisibisi, na ni vyema mnunuzi aulize kabla. Katika mashine za ofisi zilizojaa kwenye soko letu la mtumba, ni chache.

Basi ichaguliweje? Anza na mashine, usianze na duka. Fungua kifuniko, au tafuta kitabu cha modeli yako, ujue sloti ni ipi. Za kabla ya 2013 hivi ni mini PCI Express, kadi pana ya milimita 27 kwa 30. Zilizofuata ni M.2, upana milimita 22, urefu 30. Hizi mbili haziingiliani, na hata vichwa vya nyaya za antena vinatofautiana: vya M.2 ni vidogo zaidi. Kwa mini PCI Express isiyo na orodha ya BIOS, Intel 7260 ya umbo hilo ndiyo ninayoitafuta kwanza, yenye kiwango cha ac na antena mbili, na ni rahisi kuipata iliyotumika. Kwa M.2 ya zamani kidogo, 8265 ni kadi tulivu isiyo na ukorofi. Kwa M.2 yoyote yenye afya, AX200 au AX210.

Hapo kwenye majina ya Intel pana shimo, nami nimelishuhudia likiwameza wengi. AX200 na AX201 zinafanana kwa sura, kwa sloti na karibu kwa bei. Vivyo hivyo AX210 na AX211. Lakini zenye moja mwishoni ni nusu kadi: sehemu ya kazi yake imehamishiwa ndani ya prosesa na bodi za Intel zilizoundwa kuipokea. Ukiitia kwenye mashine ya zamani, au yenye prosesa ya AMD, haionekani kabisa, kana kwamba sloti ni tupu. Mnunuzi anarudi na kusema kadi mbovu, muuzaji anasema laptopu mbovu, na imani ile ile niliyoanza nayo inapata ushahidi mpya. Kosa lilikuwa tarakimu moja. 9560 nayo imo katika kundi hilo la nusu kadi, wakati 9260 ni kadi kamili.

Kisha iko tamaa ya namba kubwa, ambayo ni ndugu wa imani ya kununua laptopu mpya. Kijana anaambiwa achukue Wi-Fi 7, kadi ya BE200, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kutoka. Kwenye mashine nyingi za AMD kadi hiyo haiwaki. Hata ikiwaka, kasi zake za juu zinataka ruta ya kizazi hicho na chaneli pana, na masafa ya gigahezi 6 ndiyo ya kwanza kushindwa na ukuta wa matumbawe. Sitamlaumu mtu anayenunua AX210 badala ya AX200 kwa tofauti ya mia chache, kwa kuwa siku ruta yake ikibadilika atakuwa tayari. Lakini kulipa mara tatu kwa kadi, ili kupitisha megabiti 15 zinazoingia nyumbani, ni kuchimba kisima cha pili kwa mji wenye ndoo moja.

Kabla ya kununua chochote, kuna kazi ambayo nusu ya mara humaliza shida yenyewe. Chumvi. Pepo za kaskazi na kusi hubeba bahari hadi ndani ya laptopu, hasa inayofanya kazi barazani au kwenye hoteli ya ufukweni. Toa kadi, utazame meno yake ya dhahabu: yakiwa yamefifia au yana ukijani, yafute taratibu kwa raba safi ya penseli, kisha kwa spiriti ya asilimia kubwa, uache yakauke. Tazama vichwa vya nyaya. Vikishikwa vibaya hulegea, na laptopu iliyowahi kubadilishwa kioo mara nyingi imerudishwa na waya mmoja umebanwa kwenye bawaba au haukurudishwa kabisa. Kichwa hubonyezwa wima kwa ukucha hadi kilie, si kwa kukisukuma upande. Chomoa betri kwanza. Kazi yote ni nusu saa. Mashine ninazozikumbuka kwa uchungu ni zile zilizouzwa vipuri wakati kilichohitajika kilikuwa raba ya mwanafunzi.

Nimesikia pia hoja mpya, inayopendwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida: kwamba mashine zisizokubali Windows 11 zimeshakufa hata hivyo, kwa nini kuzitia kadi? Ni hoja yenye uzito kwa anayelazimika kubaki na programu za Windows za kazini. Kwa mwanafunzi anayefungua tovuti ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mama anayelipia huduma za serikali kwenye eCitizen, kwa mwalimu anayeandaa mitihani, Linux Mint au Ubuntu inafanya kazi hiyo bure na inapata marekebisho ya usalama. Na hapa uchaguzi wa kadi unazidi kuwa na maana, kwa kuwa draiva za kadi za Intel zimo ndani ya Linux yenyewe. Unawasha, mtandao unaonekana. Kadi nyingine za bei rahisi huhitaji draiva itafutwe na kujengwa, na mtu asiye na intaneti ataipakuaje? Kadi sahihi ndiyo inayoirudishia mashine miaka minne mitano.

Sijasema kila laptopu iokolewe. Bodi iliyoingia maji ya bahari, betri iliyovimba ikapasua kibodi, prosesa isiyoweza kufungua mkutano wa video, hizo ziage kwa heshima, zipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Ninachokataa ni hukumu ya kifo inayotolewa kwa kutazama mstari mmoja pembeni mwa kioo.

Nina ombi moja kwa wenye maduka, nami ni mwenzao wa biashara. Vibandiko vyetu huandika prosesa, RAM na ukubwa wa diski. Hakuna kinachoandika redio. Ongezeni mstari wa nne: modeli ya kadi, idadi ya antena, na kama inashika gigahezi 5. Hauhitaji kufungua kifuniko. Modeli inaonekana kwenye orodha ya vifaa ndani ya mashine, na kwenye Windows amri ya netsh wlan show drivers hutaja viwango na masafa yake. Na mnunuzi, mpaka kibandiko hicho kitakapokuwapo, mwombe muuzaji aandike amri hiyo mbele yako kabla hujatoa pesa mfukoni.

Yule binti alirudi wiki iliyofuata na rafiki yake, ambaye laptopu yake nayo ilikuwa "imekwisha". Sikuifungua mimi. Nilimpa bisibisi binti, nikavuta kiti. Waya mmoja ulikuwa umechomoka. Akaubonyeza kwa ukucha, tukausikia ukilia.